Kiharusi: CT scan au MRI?
Mgonjwa ameletwa mdomo umepinda, mkono hauinuki. Swali la kwanza: mshipa wa damu kwenye ubongo umepasuka au umeziba? Hapo mimi naitanguliza CT scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Inatumia eksirei, kichwa inakimaliza kwa sekunde chache, na damu iliyovuja huonekana nyeupe pee. Ukimpa dawa ya kuyeyusha bonge la damu mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, kwa mashine ya mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hounsfield aligawana tuzo ya Nobel ya tiba ya 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyezifanyia kazi hesabu za picha hizo kabla.

MRI nayo hupiga picha za ndani ya mwili, ila hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, bila eksirei. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huionyesha mapema, wakati kwenye CT bado ubongo unaonekana mzima. Nje ya kiharusi, kwenye moyo MRI hutenganisha kovu na msuli hai, jambo ambalo CT hailiwezi vizuri hivyo. Ila mgonjwa atalala tuli muda mrefu ndani ya tundu lenye kelele, na mwenye kifaa cha chuma mwilini lazima aulizwe kwanza. Kwa kutafuta chokaa (kalsiamu iliyoganda) kwenye mishipa ya moyo, narudi CT.