TAHADHARI: Jamaa wa "paneli ya pamoja" hapa Dodoma, msimpe hata mia

Wakuu wa saketi, hasa mlioko Dodoma na Singida, kuna mtu anakusanya michoro ya bodi za saketi eti aiunganishe kwenye paneli moja, yaani ubao mmoja wenye bodi nyingi, aagize China, mgawane gharama. Tapeli yule! Mwizi mwenye laptopu!

Tulikaa Majengo, kwa mama wa chai mnayemjua. Akatoa paneli ya kijani kwenye begi, akaipangusa kwa shati, akaishika kwa mikono miwili. Kak! Kipande kikaachia kimenyooka kama biskuti. Akakipima kwa kalipa mbele yangu: milimita 1.6. Akaangalia mchoro wangu, akasema, "Fundi, sogeza shaba nusu milimita kutoka ukingoni, mfereji wa V, ule mchirizi wa kuvunjia bodi, usije ukaila." Sasa mtu wa hivyo unamshukuje? Na hesabu yake iliingia akilini. Viwanda vya kule vinatangaza bei ya kutupa kwa bodi tano zisizozidi milimita 100 kwa 100, kinachoua ni nauli ya kuzileta. Nikatuma hela chai haijapoa.

Kilichokuja ni ubao mzima usiovunjika. Hakuna mfereji wa V, hakuna vitobo vya kuvunjia, hakuna hata upenyo wa kupitisha msumeno. Kiwanda hutoza ziada faili likiwa na michoro tofauti, kwa hiyo bwana mkubwa kaibananisha yote bega kwa bega ionekane mmoja. Nikampigia. "Kata taratibu tu, fundi." Nimekata kwa msumeno wa chuma, vumbi la nyuzi za kioo likanikaa kooni, na meno yakala njia ya shaba ya rilei, ile swichi ya umeme, njia ile ile inayobeba umeme wa volti 230. Niiweke hiyo kwenye mashine ya kutotolea vifaranga iunguze banda la watu? Mteja wangu wa mashine hiyo, mzee wa mtaa wa Kisasa, ananipigia kila asubuhi, sipokei. Aibu!

Mtu huyu akamatwe, anyang'anywe laptopu na kalipa yake, alale ndani ajue sakafu ilivyo baridi. Namba yake nimeshaipeleka 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu, lakini laini ataibadilisha, wala hilo halitamsumbua. Nataka nimwone mahakamani, amweleze hakimu habari za mfereji wa V.

Mkikutana naye: hakuonyeshi faili la paneli iliyokamilika kabla ya kulipwa. Hela inaingia kwa jina la mwanamke, anasema ni shemeji yenu. Namba ya oda ukiomba anageuza mazungumzo. Mengine nitakumbuka, sasa hivi nina hasira.

Halafu, kwenye ubao wangu kuna bodi ya mtu mwingine, ya kupima maji kwenye tangi, ina rilei mbili na pembeni imeandikwa "toleo la 3". Mwenyewe aje aichukue, sijaikata. Na kama kwako kuna ya vifaranga, usimpe mtu wala usiinakili, ni yangu.