TAHADHARI: "Office 365 ya maisha" kwa elfu 30, nimepigwa

Wakuu, nina kibanda cha steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kutengeneza CV, kuwaombea watu ajira mtandaoni. Mwezi wa tatu nilimpata kijana kwenye grupu la WhatsApp anauza "Office 365 ya maisha, kompyuta 5" kwa Sh 30,000. Nikamrushia hela, naye akanitumia barua pepe na nywila. Barua pepe yenyewe ya chuo fulani cha nje, jina si langu. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini Word ikafunguka vizuri, nikanyamaza.

Mwezi wa nane akaunti ikafungwa. Word ikawa inasoma tu, haiandiki. Hilo ningelivumilia. Kilichoniumiza ni OneDrive, ghala la mafaili la mtandaoni la Microsoft: kompyuta ilikuwa inapeleka kazi huko yenyewe, kwenye akaunti ile ile ya chuo. Mafaili machache yalibaki kwenye mashine. Yale yenye alama ya kiwingu yalikuwa majina matupu. Tasnifu ya dada mmoja, sura ya nne pamoja na masahihisho ya msimamizi wake, imeenda na maji. Na kumbe muda wote huo wasimamizi wa akaunti za chuo kile wangeweza kufungua vyeti na vitambulisho vya NIDA vya wateja wangu. Hili la pili bado linaninyima usingizi.

Nilipompigia akasema niongeze 15,000 "aifufue". Nikakataa, akaniblok.

Tangu hapo naulizwa maswali, nayajibu kwa mkupuo. Microsoft 365 (ndiyo hiyo Office 365, jina jipya) ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka. Ya maisha haipo. Ukitaka kulipa mara moja tu, ipo Office 2024, ya kompyuta moja, na bei yake haikaribii elfu 30. Kifurushi cha familia kinachukua watu hadi 6, kila mmoja anaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Namba ya kufungulia Office, ile ya herufi 25, ikikubali siku ya kwanza si ushahidi wa chochote: nyingi ni za makampuni, zikigundulika zinafungiwa. Na fundi akikwambia "zima antivairasi kwanza niikraki", yaani aifungue bila leseni, chukua laputopu yako uondoke.

Kwa asiye na hela, LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia kama Word, ni bure tangu 2010 na inafungua mafaili ya Word. Mpangilio wa majedwali huyumba kidogo, kwa hiyo mtumie mteja PDF. Word ya kwenye kivinjari nayo ni bure kwa akaunti yako, na unapewa nafasi ya GB 5. Angalia tu, kuna jamaa mwingine kwenye grupu lile lile anauza hiyo hiyo LibreOffice kwa 20,000 akiiita "Office mpya".

Uliyekwisha kununua, fungua Word, ingia File kisha Account. Ukikuta barua pepe usiyoijua, usisubiri kesho: hamishia kazi zako zote kwenye flashi leo, uhakikishe zinafunguka ukiwa umezima intaneti, ndipo utoke kwenye akaunti hiyo.

Kijana ana namba mpya na picha mpya ya wasifu. Tangazo hajalibadilisha, bado ameandika "lifetaimu" na emoji tatu za moto.