Resto moja, nyungu moja, bei mbili: ukule lupangoni ao VIP?

Wenye kukaa Lubumbashi hapa Congo munajua hii mambo, resto inakuwa na sehemu mbili, chini lupangoni, ni kusema kwa uwanja wa nje, na juu VIP, na bei haifanani hata kidogo. Hii naongelea leo iko upande wa Kamalondo, jina naacha, kwa sababu kuko vitu nitavisema vibaya kidogo na mama mwenye resto ananijua mpaka nyumbani. Chini kuko viti vya plastiki, muti ya maembe, mbabula tatu (majiko ya makaa) kwa mlango wa jikoni, na bafle inapiga rumba hata saa sita ya mchana. Juu kuko klima ya kuleta baridi, kitambaa kwa meza, televizyo inaonyesha mpira bila sauti, na dirisha kubwa.

Sasa bei. Bukari (ugali) na samaki ya Kasenga na lengalenga (mchicha), chini 8.000 franka, juu 20.000. Bia ya Simba baridi nayo ikipanda ngazi inafika karibu mara mbili, chupa ileile, kizibo kilekile. Na nyungu ni moja, hapa sikisii, jikoni iko wazi upande wa lupango, ukikaa karibu na mbabula unaona dada wa kuhudumia anachota kwa nyungu moja, sahani ya plastiki inakuja kwako, ile nyeupe nzito inapanda juu. Tofauti ni bukari tu, ya juu inageuzwa kwa bakuli inatoka mviringo kabisa kisha inafunikwa, ya chini inapigwa mwiko mara mbili na kwisha. Na kipande ya limau. Franka 12.000 ya limau!

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, yeye anakulaga juu tu, anasema chini samaki inanuka matope. Siku moja tukapanda naye nikamuomba dada atuletee samaki moja amekata katikati, nusu kwa sahani nyeupe, nusu kwa plastiki, lakini asimwambie kitu. Yaya akaonja huku, akaonja kule, akanawa mikono kabisa kama hakimu, akasema: unaona sasa, hii ya sahani nyeupe ni ya leo, ile ingine ni ya jana. Dada akacheka mpaka akaweka sinia chini. "Yaya, ni samaki moja, nimeikata mimi mwenyewe, kwa nyeupe ni kichwa, kwa plastiki ni mkia." Unajua alijibu nini? "Basi kichwa njo tamu." Na akaendelea kula bila wasiwasi.

Watu wanasema wale wa VIP wanajidai, wanalipa ili waonekane. Wengine ndiyo, siwezi kataa. Lakini mi naona yaya hakuwa anadanganya, kwa ulimi wake ile samaki ilikuwa mbili kweli. Kuko utafiti walifanya Marekani, ukatoka 2008, watu wa Caltech na Stanford, walichukua watu 20 wakawalaza ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo wakawapa divai kidogo kidogo kwa mrija, divai moja inapita mara mbili, mara wanaambiwa chupa ni dola 10, mara dola 90. Ya dola 90 wakaisifu zaidi, sawa, hiyo hata mimi ningesema mbele ya wazungu wenye koti nyeupe, lakini kilichonishangaza ni kwamba ile sehemu ya ubongo inayohusika na kusikia utamu nayo ilifanya kazi zaidi. Maana yake bei iliingia mpaka ndani kabisa, haikuishia mdomoni. Kwa hiyo mwenye kulipa 20.000 pale juu anaweza kuwa anakula samaki tamu kuliko yangu, na nyungu ni moja, na hakuna mwenye kuibiwa. Hiyo kitu inaniudhi lakini njo vile iko.

Na usidhani ni wasiojua chakula tu. Bordeaux kule Ufaransa, watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa mambo ya divai, watu wanaosomea kuonja, divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Hiyo ilitoka 2001. Jicho lilikwisha kuamua, pua ikafuata tu. Sisi hapa tuko na bukari, ujaribu kumupikia mutu wa Lubumbashi unga wa mahindi ya njano uone, kabla hajagusa tonge amekwisha kusema ina harufu, ni chakula ya kuku, ni ya msaada. Mama wa resto anajua hiyo, unga wake ni mweupe chwa, ule wa Zambia, ananunua mifuko ya kilo 25 na anakuonyesha mfuko mwenyewe ukimuuliza.

Lakini wale wa lupangoni nao wasicheke sana. Kuko mzee mumoja, alifanya kazi Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, miaka na miaka, hata umualike VIP kwa pesa yako hapandi. Anasema huko wanakula picha, na chakula ya juu haina chumvi. Chumvi ni ya nyungu, mzee! Harufu ya makaa inamfanya asikie ni chakula ya kwao, klima inamfanya asikie hospitali. Mi niko upande wake, nikule kwa mkono, pilipili kwa kisahani, moshi kidogo kwa macho, hapo njo nasikia nimekula, ukinipa uma na kisu samaki ileile inakuwa kazi ya ofisi.

Nisifie dirisha sasa, maana hiyo haiko chini. Ukikaa upande wa kushoto unaona terril, mulima wa mabaki ya kiwanda, na lile bomba kubwa la moshi. Wageni wote wanapigia picha pale, mulima mweusi, jua linazama nyuma yake. Yule mzee yeye akiutazama anakuhesabia mishahara iliyolipwa na isiyolipwa. Ni mabaki ya shaba tu, kiwanda kilianza kuyeyusha 1911 wakati wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na yale mawe yaliyobaki wakatupa pale kama uchafu, leo wanayachambua tena kutafuta madini ya kobalti na germanium. Uchafu umekuwa mali na hakuna aliyeongeza kitu juu yake.

Malalamiko sasa. Choo cha chini hakina mulango unaofunga, uende na rafiki. Huduma inachelewa siku za mpira. Na faktire, ile bili ya kulipa! Nilitoa noti ya dola 10, dada akaishika kwa mwanga, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni, akanirudishia: imechanika. Kumechanika wapi? Ni kakitu kadogo kama kope la jicho. Kwa Marekani wenyewe ile noti inanunua kila kitu, lakini huku kwetu imekufa, lazima uwapelekee wale wa kuchenji pembeni ya barabara wakukate pesa kidogo. Halafu chenji akanirudishia kwa noti za 500 za franka zenye kunuka samaki, laini mpaka hausomi namba, mojawapo imeunganishwa na skochi. Hizo ni nzima. Nikamuuliza mama mwenyewe akajibu, "Mwanangu, mimi nitaikubali, na mwenye kuniuzia unga ataikubali?" Nilikosa la kusema, kwa sababu ni kweli, noti inafaa kadiri mwenye kufuata anavyoiona, na mwenye kufuata naye anaogopa wa nyuma yake, hivyo hivyo mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lakini bado naandika hapa ili mujue, mubebe dola safi zisizokunjwa ao franka.

Chakula chenyewe naipa alama nzuri sana. Samaki inakaangwa kwanza halafu inaingia kwa mchuzi wa nyanya na kitunguu, haivunjiki, miiba inatoka vizuri. Lengalenga haina mafuta mengi. Sombe (kisamvu) wanapika siku za katikati ya wiki tu, uulize mbele ya kukaa. Kuku wake sikumpenda, ngumu, na hapo nilikula juu na chini, sahani haikusaidia.

Ukiwa na wakwe ao mtu wa mkataba, umpandishe juu, ulipe ile 12.000 bila kunung'unika, ataona samaki tamu na wewe ataona ni mtu mzima. Ukiwa na njaa, shuka. Fika mbele ya saa saba, baada ya hapo vichwa vinakuwa vimekwisha na wanabakisha mikia, na yaya yangu atakuambia ni ya jana.