Nimebadilisha aktuweta ya breki (kifaa kinachogawa presha ya mafuta ya breki) ya Prius hapa Tabata, hii gereji naipa nyota nne

Wadau wenye Prius na Aqua hapa Dar, naandika hii ndefu kidogo kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunisaidia sikupata sehemu yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kila ninayemuuliza ananiambia dada uza hiyo gari nunua IST. Siuzi. Prius yangu ya 2011, ile bodi ya ZVW30 yenye injini ya 1.8, inanipeleka Iringa kwa wazazi na kunirudisha kwa mafuta ambayo wenye IST wakisikia wananyamaza, kwahiyo nilikuwa nataka breki itengenezwe na sio ushauri wa kuuza.

Gereji yenyewe iko Tabata, wanashughulika na haibridi tu, yaani gari zenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata nitasema mbele.

Tuanze na tatizo. Mwenye Prius anaijua ile sauti ya zzzzz ukifungua mlango wa dereva asubuhi, hiyo ni pampu ya breki inaamka na kujaza presha hata kabla hujakaa kwenye siti, ni kawaida kabisa usiogope. Yangu ilianza kulia hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya Ubungo sijagusa pedali mara nyingine, inalia, inanyamaza sekunde chache, inalia tena, siku nzima hivyo. Baadae ikaja taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki ghafla), ikaja ile ya kigari kinachoteleza, ikaja ya breki ya njano, halafu siku moja ikawaka nyekundu na mlio wa piiiii ambao haukatiki mpaka uzime gari. Hapo niliiacha home nikapanda daladala, na kama yako imefika hapo na wewe iache, maana ule mlio maana yake presha imeshuka na msaada wa pampu unaweza kuondoka muda wowote, pedali inakuwa ngumu inabaki nguvu ya mguu wako tu na gari inasimama mbali sana na ulipotarajia.

Fundi wa gereji ya kwanza niliyemwita aje nyumbani (jina silitaji) alifungua tairi akaniambia padi zimeisha. Padi zilikuwa nene kabisa nimeziona kwa macho yangu! Na kwenye haibridi padi zinakaa sana, kwa sababu ukikanyaga breki taratibu kinachopunguza mwendo kwa sehemu kubwa ni mota ya umeme, inageuka jenereta inarudisha chaji kwenye betri kubwa, padi zinakuja kushika zaidi mwendo ukiwa mdogo au ukikanyaga kwa nguvu. Nilipomwambia sikubali akahama, akasema basi tutoe mashine nzima ya ABS, milioni moja na laki nane, tuanze leo. Hajachomeka kompyuta, hajapima kitu chochote. Nikamshukuru akaondoka.

Huku Tabata kitu cha kwanza kijana alichofanya ni kwenda kwenye buti upande wa kulia, kupima betri ndogo ya volti 12. Nikamuuliza mbona unaenda nyuma na tatizo ni breki, akaniambia dada hii pampu inakula umeme wa hii betri ndogo, ikiwa imechoka inaweza kuleta taa za uongo, nikikuuzia aktuweta kumbe ni betri utanichukia maisha yako yote. Hapo tu nikajua nimefika. Betri ilikuwa nzima.

Ndio akachomeka laptopu yenye ile programu ya Toyota, Techstream, ikasoma namba mbili za hitilafu, C1391 na C1252. Akanieleza bila haraka na bila kunidharau, jambo ambalo sisi wanawake tunaopeleka magari gereji tunajua lilivyo adimu. C1391 ni kwamba presha inavuja isivyo kawaida kutoka kwenye akumuleta, yaani kile kimtungi chenye gesi ya nitrojeni kinachotunza presha ya mafuta ya breki. C1252 ni mota ya pampu inafanya kazi muda mrefu kupita kiasi. Moja inazaa nyingine, presha inavuja basi pampu haipumziki. Akanionyesha kwenye skrini namba ya presha inapanda pampu ikilia, inasimama, halafu inaanza kushuka yenyewe mguu wangu uko nje ya gari. Na chini hakuna tone la mafuta, kopo la mafuta ya breki liko kwenye mstari wake vilevile, kwa sababu uvujaji uko ndani, valvu hazifungi vizuri na mafuta yanarudi kwenye kopo. Hii ndio inawachanganya mafundi wengi, wanatafuta yanapovuja nje hawaoni kitu wanaanza kubahatisha na hela zako.

Nikauliza kwanini Toyota wasingeweka tu boosta ya kawaida (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye breki) kama ya IST. Ile ya kawaida inatumia upepo unaovutwa na injini, sasa Prius injini inazima yenyewe ukiwa kwenye taa, ukiteremka, ukiwa kwenye foleni, huo upepo utautoa wapi. Ndio maana wakaweka pampu ya umeme, mtungi wa presha, na aktuweta yenye valvu na kompyuta yake iliyoungana na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), ndio inayoamua muda huu mota ishike kiasi gani na mafuta yashike kiasi gani, wewe mguuni husikii kitu. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi kwa kweli, naipenda mpaka leo.

Kwenye bodi yangu vipande ni viwili, pampu na mtungi wake ni kimoja, aktuweta na masta silinda ni kingine. Wakanishauri tubadilishe vyote kwa pamoja, maana aktuweta ndio inavuja lakini pampu imeshafanya kazi ya ziada miezi mingi, ukiweka aktuweta nzima kwenye pampu iliyochoka kazi unairudia. Mpya ya Toyota niliulizia nikakaa kimya, bei haikunifaa kwa gari ya umri huu. Tukaenda Ilala Shaurimoyo na kijana wa gereji, tukatafuta seti iliyotoka kwenye gari moja iliyokatwa nusu Japani, na hapa ndio nampongeza zaidi, muuza spea wa kwanza alituletea kitu kinafanana kabisa kwa macho, kijana akasoma namba kwenye stika akakataa, akasema kompyuta iliyo humo ndani lazima iendane na gari, haiangaliwi umbo. Duka la pili tukapata, laki tisa na nusu baada ya kuvutana sana, na tukaandikiwa risiti yenye namba ya kifaa. Spea ya mtumba ni bahati pia, nayo imeshatumika miaka, kwahiyo usikubali kuondoka bila makubaliano ya kurudisha kama kompyuta ikiikataa.

Kufunga kwenyewe walichukua siku mbili. Sikukaa muda wote ila niliyoyaona niliridhika nayo. Walishusha presha kwanza, wakatoa waya wa betri ndogo, funguo wakaiweka mbali ofisini, kwa sababu hiyo pampu ikishtuka mtu ameshika paipu zimelegea mafuta yanaruka kwa presha kubwa machoni. Wakachomoa na ile plagi ya rangi ya chungwa ya betri kubwa kule nyuma, hiyo ni volti 200 na ushee sio ya kuchezea, wakasubiri zaidi ya dakika kumi ndio wakagusa upande wa inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kubwa uende kwenye mota), na fundi amevaa glavu za mpira. Zikatoka waipa, likatoka lile trei chini ya kioo, ndio unaifikia. Kila paipu iliyofunguliwa waliiziba mdomo uchafu usiingie, jamani huku kwetu na vumbi hili hicho kitu kidogo ni kikubwa.

Sasa kwenye kutoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki ndipo wengi wanapoharibu. Ile staili ya mmoja anapampu pedali mwingine anafungua nati peke yake haitoshi kwenye hii gari, kompyuta ndio inaongoza, inaamrisha pampu na valvu zifunguke hatua kwa hatua na fundi anafuata. Mafuta ni DOT 3 mpya ya kopo lililofungwa, waliifungua mbele yangu. Wakimaliza hapo bado, kuna kusawazisha zile valvu, gari inakuwa sehemu tambarare kwenye P, hakuna anayegusa pedali, unasikia pampu na valvu zinalialia zenyewe mpaka zitulie, halafu na sensa ya mwelekeo inarudishwa sifuri. Bila hiyo taa hazizimi hata kama umefunga kifaa kipya cha boksi. Nina jirani yangu Kinyerezi amebadilishiwa sehemu nyingine, mwezi mzima anaendesha na taa anaambiwa zitazima zenyewe, nimempeleka Tabata wakamfanyia hicho tu, taa kwisha.

Ufundi walinichaji laki mbili na nusu, kupima elfu thelathini ambayo waliitoa kwenye bili baada ya kuwapa kazi.

Baada ya hapo sikwenda Iringa moja kwa moja, nilizunguka nayo mjini kwanza, nikateremka Kimara asubuhi na jioni, nikarudi wakasoma tena kompyuta ikawa safi. Ndio nikapanda na kushuka Kitonga. Wanaoijua Kitonga wanajua, kona juu ya kona na malori mbele yako. Niliweka B kwenye gia injini ikasaidia kushika, breki nikawa nagusa tu, pedali ileile laini kutoka juu mpaka chini. Mama alikuwa pembeni amelala, na mimi nilikuwa nimetulia kuliko safari zote za mwaka jana.

Nyota niliyokata ni kwa ajili ya haya. Mapokezi hakuna, unakaa kwenye benchi juani. Simu hawapokei wakiwa kazini, siku ya kwanza niliahidiwa saa kumi nikaambiwa kesho nikiwa nimeshafika. Na dhamana ya kazi ni ya mdomo tu, mpaka nilipokomaa ndio wakaniandikia mwezi mmoja kwenye karatasi. Kwa kazi ya breki ya kiwango hiki dhamana ilitakiwa iwe imechapishwa iko tayari kabla mteja hajauliza. Niliwaambia hivyo hivyo na hawakununa.

Kitu kingine kwa mnaonunua sasa hivi, mwaka 2013 Toyota waliita magari kama 242,000 duniani yarudishwe kurekebishwa, Prius za mwanzo za bodi hii na Lexus HS250h, kwa tatizo la huo huo mtungi wa presha, gesi ilikuwa inaweza kupenya ikaingia kwenye mafuta ya breki. Zaidi ya laki moja zilikuwa Japani, na zetu ndiko zinakotoka. Kwahiyo ukiletewa Prius ya 2009 chukua namba ya chesisi hakikisha ilifanyiwa hayo marekebisho. Na wakati wa kuijaribu usikimbilie kuwasha redio, fungua mlango wa dereva, sikiliza pampu, ijaze inyamaze, halafu kaa kimya bila kugusa pedali. Ikirudi kulia baada ya sekunde chache tu, punguza bei au ondoka.

Kufika ni shuka Tabata Dampo uliza gereji ya haibridi, bodaboda wanaijua. Jumapili hawafungui, Jumamosi nenda kabla ya saa nne asubuhi maana laptopu ni moja na foleni inakuwa ndefu.