Gari la bei chee mtandaoni: lipi la kupigia simu, lipi la kupita

Tuseme umekutana na tangazo hili: Toyota IST, namba D, injini haijaguswa, full AC, lilikuwa la mdada, milioni 6.5, maelewano yapo. Picha nne safi. Wiki hiyohiyo umeshaona IST nyingine kumi za umri huo, zote zinacheza kati ya milioni 10 na 12. Moyo unaruka. Kabla hujapiga simu, jiulize hizo milioni 4 na ushei zimekwenda wapi, kwa sababu hakuna mtu wa Dar es Salaam anayezitupa hivihivi.

Huwa nawasaidia ndugu na majirani kutafuta magari, na nimezoea kuyapanga matangazo ya namna hii kwa kile kilichoishusha bei. Sababu nyingine ni heri kwako. Nyingine zitakumaliza.

Kwanza lazima uijue bei ya kawaida. Kusanya matangazo kumi ya gari la aina moja, mwaka mmoja wa kutengenezwa, cc zilezile na herufi moja ya usajili, kama hiyo D. IST ya injini ya 1.3 (NCP60) usiitie kapu moja na ya 1.5 (NCP61). Tupa la ghali kuliko yote na la chini kuliko yote, uangalie yaliyobaki. Kumbuka hizo ni bei za kuanzia maongezi, na nyingi zimewekewa cha juu na dalali. Likiwa chini ya wenzake kwa asilimia 10 hivi, ni kawaida ya soko. Likishuka theluthi nzima, kuna jambo.

Haya, kuanzia lile ninalolipenda hadi lile la kufuta kwenye simu.

1. Kasoro inaonekana, na muuzaji anaitaja

Bampa limepasuka, rangi ya boneti imechujuka, siti imechanika. Kila kasoro ya aina hii ina bei yake gereji. Piga picha, mpelekee fundi rangi, akutajie hela, ujumlishe, kisha uongeze akiba kwa yale ambayo hamkuyaona. Jumla ikibaki chini ya bei ya wenzake, nenda. Wanunuzi wengi wanaikimbia mikwaruzo wakaangukia gari lililopigwa polishi jana, na hapo ndipo nafasi yako ilipo. Ila ukiambiwa AC "imeisha gesi tu", usikubali. Ingekuwa gesi tu, angeijaza kabla ya kupiga picha. Hesabu compresa.

2. Mwenye gari ana haraka ya kweli

Januari ada za shule zinabana, mtu anahamishwa mkoa, kuna mgonjwa nyumbani. Mtu wa namna hii anakuita kwake, anakuonyesha kadi halisi na kitambulisho cha NIDA, majina yanafanana, na fundi wako anafungua anapotaka. Mwongo naye ana haraka, lakini yake yote ni ya wewe kutuma hela. Kwa mwenye shida ya kweli, nakuomba usimkamue hadi tone la mwisho. Ameshashusha.

3. Magari ya mnada

Ya benki, ya makampuni, yanauzwa kama yalivyo mahali yalipo. Mara nyingi huruhusiwi hata kuliendesha hatua mbili. Nenda na fundi siku ya ukaguzi, uliza nani atalipa madeni yaliyolala kwenye namba ya gari, na usipande dau kwa hasira ya kushindana.

4. Bei ambayo kodi haimo

Hapa watu wengi wanajikwaa bila hata kutapeliwa. Tangazo limeandikwa "CIF" kwa maandishi madogo, yaani bei ya gari, bima na usafiri hadi bandarini, nawe umesoma namba tu. Chukua gari la cc zaidi ya 1,000 lakini zisizozidi 2,000, ambalo TRA wamelithaminisha CIF ya shilingi milioni 6. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni milioni 1.5. Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 ya CIF pamoja na ushuru huo wa forodha, ni 375,000. VAT ya asilimia 18 juu ya vyote ni 1,417,500. Umeshafika karibu milioni 9.3, na bado hujagusa ushuru wa uchakavu kwa gari la miaka mingi, tozo nyingine, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika: unajaza aina, mwaka na cc, kinakupa makadirio. Kinatumia thamani ya TRA wenyewe, hata kama risiti yako inasema ulinunua kwa nusu yake.

Kikokotoo hicho kina faida ya pili. Kinakuonyesha gharama ya kulileta gari kama hilo leo hadi lipate namba. Anayekuuzia lililoingia juzijuzi kwa bei ya chini ya kodi zake peke yake, muulize alilipataje.

Kundi hili lina ndugu zake wawili. Gari la namba za Zanzibar linalouzwa bara lina tofauti ya kodi inayokusubiri. Na gari lililoingia kwa msamaha, la mradi au la mtumishi, halihamishwi jina kwenda kwa mtu asiye na msamaha mpaka kodi ilipwe. Siyo magari mabaya. Piga hesabu hadi mwisho, sharti liwe moja: kodi ilipwe kwanza, risiti uione, ndipo utoe hela yako.

5. Historia iliyofichwa

Siku moja nilikwenda Mbezi kuliangalia Raum la rangi ya fedha kwa ajili ya jirani yangu. Bei nzuri, muuzaji mpole, ndani kunanukia marashi mpaka kichwa kinauma. Nilikaa siti ya nyuma, nikauvuta mkanda wote mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza, ile ambayo kila mtu anaigusa, ilikuwa safi. Ilipobaki kama urefu wa mkono, ukatokea mstari wa kahawia, mgumu ukiupitishia kidole, na chembe za udongo zikaniangukia kwenye suruali. Nikainama na tochi: reli za siti zilikuwa na kutu, na tope limekauka kwenye kona ambazo kitambaa cha muosha magari hakifiki. Gari lilikuwa limelala majini. Jiji hili Msimbazi ukifurika tunajua unachofanya Jangwani, na magari hayo hayaendi kaburini. Yanakaushwa, yanapuliziwa manukato, yanapigwa picha. Umeme wake hufa kidogokidogo, leo taa, mwezi ujao kioo, mwisho kompyuta ya gari.

Kwa lililopata ajali, tazama nati za boneti na za mabawa kama rangi imebanduka kwenye pembe, dalili kwamba spana imepita. Pitisha sumaku yenye kitambaa juu ya bodi; isiposhika kuna puti nene. Linganisha alama za vioo vyote, maana kimoja chenye alama tofauti kimebadilishwa, uliza kwa nini. Kilomita nazo zinarudishwa nyuma kwa muda mfupi sana, hivyo tazama raba za pedeli na usukani. Pedeli iliyolika hadi chuma kwenye gari linalodai kilomita 60,000 imekupa jibu. Kama muuzaji bado ana cheti cha kusafirishia kutoka Japani, kilomita zilizoandikwa pale zikizidi za dashibodi, ondoka.

Na ukifika, weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha. Likiwa la moto, limewashwa mapema ili usilisikie likiamka. Omba kurudi kesho asubuhi likiwa baridi. Moshi wa bluu maana yake linakula oili.

6. "Kadi ipo kwa mtu"

Ukisikia maneno hayo, maongezi ya bei yasimame. Mikopo ya haraka ya kadi ya gari imejaa mjini, na mkopeshaji ndiye anayekaa na kadi halisi. Muuzaji anakuonyesha kopi, anakuahidi kwamba hela yako ndiyo itakayoikomboa. Njia salama ni moja: mkutane wote watatu ofisini kwa mkopeshaji, deni lilipwe pale, kadi itoke pale, na kilichobaki ndicho apewe muuzaji. Akikataa, rudi nyumbani.

7. Gari ambalo halipo, au si lake

Mdogo wangu aliona Vitz kwa bei ya kuruka. Muuzaji akasema yupo Dodoma kikazi, gari lipo kwa kaka yake Kimara, watu watatu wanakuja kesho asubuhi, atume laki 3 ili gari lishikiliwe. Alituma. Simu haikupokelewa tena. Picha zilezile tulizikuta kwa Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, kwenye tangazo la zamani, namba ya simu nyingine, bei karibu mara mbili. Hela ile ilikuwa ya miezi ya kujinyima, bado inaniuma. Kabla ya kulizungumzia gari, omba video ya sasa hivi, anayeirekodi alizunguke gari akitaja tarehe na jina lako. Mwenye gari anaifanya kwa dakika 2.

Kuna ujanja mzito zaidi, wa mtu wa kati. Ananakili tangazo halisi la milioni 11 na kuliweka kwa milioni 7. Wewe anakutuma kwa "shemeji yake", msiongelee bei kwa sababu wana ugomvi wa familia. Mwenye gari naye anaambiwa: anakuja mdogo wangu kuliona, mlipaji ni mimi, usimtajie bei. Unaliona gari kweli, unaliendesha kweli, kadi unaishika kweli, halafu hela unamtumia asiye na hata tairi. Dawa yake ni kuitamka bei mbele ya mwenye kadi, kwa sauti, na kumuuliza inaingia akaunti ya nani.

La namba za IT usiliguse kabisa. Hilo linapita kwenda Zambia au Kongo na halijalipiwa kodi ya hapa, likikamatwa, umelipoteza.

Kabla ya nauli, namba ya gari

Muombe muuzaji namba. Anayeificha hata kwa mtu aliyeonyesha nia, mwache. Ukiipata, kuna milango mitatu ya bure: mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaonyesha bima, mfumo wa faini wa Polisi unaonyesha makosa ya barabarani, na wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, unaonyesha deni la maegesho. Madeni hayo yanalifuata gari. Bima nayo inasema mengi: ikiwa iliisha miaka 2 iliyopita na muuzaji anadai analiendesha kazini kila siku, mmoja anadanganya, na mfumo hauna sababu ya kudanganya.

Ukilikubali gari, soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi. Mkataba uandikwe kwa wakili, TIN (namba za mlipakodi) za wote wawili ziwepo, na uhakika wa mmiliki uupate TRA siku hiyohiyo. Hela iingie benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Muuzaji akisema akaunti yake ina tatizo utumie ya mke wake, mwambie utasubiri itengemae, umrudishie funguo zake mkononi, uondoke.