Taa za MX-5 ya 1991: globu haikuwa na kosa

Wadau wangu, karibuni tena. Leo kabla ya maneno mengi tazameni huo ukuta. Gari ni moja, Mazda MX-5 ya mwaka 1991. Globu ni za pakiti moja, H4 za kawaida, yaani zile zenye nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Sasa mbona taa ya kushoto inawaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na ya kulia inamulika mpaka naona mchanga kwenye plasta? Sijagusa globu, sijagusa kioo. Nimebadilisha waya tu, tena upande mmoja kwa makusudi, ili mjionee wenyewe.

Bidhaa ya leo ndiyo hii: seti ya waya nene na rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, za taa kubwa. Urefu wa waya na idadi ya plagi mtavikuta kwenye maelezo chini ya video. Mimi nataka kuwaonyesha kitu kimoja, na nitakaa hapo hapo mpaka kieleweke, kwa sababu mwaka mzima nimekuwa nasoma maoni yenu: "taa zangu hafifu, ninunue LED gani?" Jamani, pimeni umeme kwanza!

Haya, kamera isogee. Injini inawaka, taa ziko dimu. Naweka testa kwenye boksi kuu la fyuzi hapa chini ya boneti: volti 13.8. Safi. Sasa naja kwenye taa ya kushoto, ile ya waya wa kiwandani. Angalieni ninavyopima: plagi iko mahali pake, globu inawaka, nachomeka ncha za testa kwa nyuma ya plagi. Ukichomoa plagi ukapima bila mzigo, testa itakuandikia 13.7 na utaamini kila kitu kiko sawa. Umeme unaonyesha udhaifu wake pale unapofanya kazi. Haya, someni hapo. 11.6.

Volti 2.2 zimepotelea njiani! Zimeliwa na waya mwembamba wa miaka thelathini na ushee, na swichi ya usukani ambayo imebeba umeme wa taa hizi miaka yote hiyo mpaka sehemu zake za ndani zinazogusana zimeungua, na ethi yenye kutu, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Wala msidhani volti mbili ni jambo dogo. Mwanga wa globu ya halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Ukiipa asilimia 90 ya volti inazostahili, mwanga unabaki kama asilimia 70. Mimi hapa napeleka asilimia 84, kwa hiyo mwanga umebaki nusu na kidogo. Nusu ya taa nilikuwa nayo muda wote huo, nami naendesha usiku nikidhani gari limezeeka.

Upande wa kulia sasa, wenye rilei. 13.4. Mmeona? Ngoja nirudie isije ikawa kamera haijashika vizuri. 13.4, na globu ni ile ile.

Rilei inafanya kazi nyepesi kueleza. Swichi haibebi tena mzigo wa taa, inatuma umeme kidogo sana kuiamsha rilei, na rilei ndiyo inayofungua njia fupi, yenye waya mnene na fyuzi yake, kutoka kwenye umeme mkuu hadi kwenye globu. Swichi inapumzika, taa inashiba.

Lakini hapa naomba msikilize, kwa sababu seti nyingi zinatengenezwa kwa magari ambayo betri iko mbele. MX-5 ya kizazi cha kwanza betri yake iko nyuma, ndani ya buti! Ukinunua seti ya magari yote utabaki umeshika waya wa chanya hujui uupeleke wapi. Mimi nimeufunga kwenye boksi kuu la fyuzi, pale pale nilipopima. Na ethi nimekwangua rangi ya bodi mpaka chuma kinang'aa, nikakaza boliti, ndipo nikapaka grisi juu. Jambo lingine la kuuliza kabla hujalipa: gari lako swichi inakata umeme upande wa chanya au wa hasi? Magari mengi ya zamani ya Kijapani yanakata upande wa hasi, na rilei zake zinaungwa tofauti. Hasara ya yote haya ni moja: globu ikishiba umeme inakufa mapema kidogo. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe.

Sasa hizi globu za LED za kuchomeka mahali pa H4. Nilizitumia miezi kadhaa, na kampuni iliyozitengeneza siitaji. Zilinikera kweli kweli. Ukutani zinapendeza, nyeupe pee. Barabarani mita chache mbele ya bampa panang'aa kama mchana, macho yanazoea ule mwanga wa karibu, halafu kule mbali unakohitaji kuona ni giza. Na kila anayekuja ananipigia fulu. Sababu yake ni hii hapa, nimeshika globu ya H4 karibu na kamera. Mnaona kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa mbele? Huo ni uzi wa dimu, na kikombe kinauzuia mwanga usiende chini, upige nusu ya juu tu ya riflekta, yaani ule uso unaong'aa ndani ya taa unaorudisha mwanga mbele. Riflekta yote imechorwa kwa kuufuata uzi huo, mahali pake hasa. Chipu ya LED ikikaa milimita moja au mbili pembeni, mwanga unatawanyika hovyo na kuingia machoni mwa watu. Na feni yake ya nyuma haikuacha nafasi ya kurudisha mpira wa kuzuia maji, taa ikaanza kuvuta unyevu. Nimezitoa, na sizirudishi.

Taa nzima ya LED ya inchi 7, yenye kioo chake, hiyo ni habari nyingine. Zamani nilizipinga zote kwa pamoja, leo nalegeza. Ikiwa ina alama halali ya viwango, ECE ya Ulaya au DOT ya Marekani, na mwanga wake una ukingo uliokatika vizuri, anayesafiri sana usiku atafaidika. Ila bei ya jozi moja nzuri inanunua seti kadhaa za rilei, na mimi sura ya kioo cha zamani naipenda mno. Mkinunua kioo kipya cha H4 angalieni ni cha upande gani wa barabara. Kwa nchi za kuendesha kushoto ukingo wa mwanga unapanda kushoto kumulika kando ya njia. Kikiwa cha upande mwingine, kinampofusha anayekuja.

Na hizi taa zinavyoamka, zinajificha ndani ya bodi na kuinuka ukiziwasha, jamani, tazameni tena. Wapenzi wa Nissan 180SX na Toyota MR2, nazo zina taa kama hizi, najua mnatabasamu. Mazda wenyewe waliziacha mwaka 1998 kwenye MX-5 ya kizazi cha pili, na magari ya mwisho ya viwandani kuwa nazo, Lotus Esprit na Corvette C5, yaliishia 2004. Yako ikiamka jicho moja tu, mota ina kofia ya mpira juu, chini yake kuna kitasa cha kuinua taa kwa mkono. Toa kwanza fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR. Mota ikiamka ghafla huku mkono wako uko humo ndani, vidole vitaumia vibaya.

Nyuma sitakaa sana. Taa hizi za nyuma ni nzuri kiasi kwamba ziko kwenye mkusanyiko wa MoMA, makumbusho ya sanaa za kisasa kule New York, lakini mpira wake ukikauka maji yanaingia kwenye buti, na mmeshasikia betri inakaa wapi. Nimetoa mpira wa zamani nikaweka utepe wa butili, mpira laini unaonata. Kioo kilichofifia nimekisugua kwa msasa wa maji namba 1500, 2000, 3000, kisha polishi. Globu za breki hapa nimeweka LED, maana zinawahi kuwaka, ila nunueni nyekundu. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa mwanga wa waridi uliopauka. Indiketa zikianza kupepesa mbio baada ya kuweka LED, badilisheni kipepesaji. Rezista zile zinazouzwa kutibu tatizo hilo zinachemka mno, siziamini karibu na plastiki.

Video ya paa la turubai niliyowaahidi inakuja baada ya hii, kamera ya pili ilikuwa haijapona. Wageni jiungeni na chaneli, mbonyeze na kengele.

Haya, nafunga upande wa kushoto sasa. Gari liko mita 5 kutoka ukutani, na ukingo wa dimu nataka ukae sentimita 5 hadi 7 chini ya usawa wa katikati ya taa. Plagi imeingia... nawasha... testa inasema 13.4. Tazameni ukuta.