Umerudi kwenye Morse? Kii ya kununua kwanza, ya pili, na ya kuacha kwanza

Aliyejifunza zamani Morse, yaani kutuma herufi redioni kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari), kisha akaacha, akirudi hukuta sikio limekuwa zito lakini mkono bado una mwendo wake. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaredio wa ridhaa wa Mombasa wanaotaka kurudi hewani waanze na kii, yaani swichi ya mkono ya kupigia Morse, ya aina ile ile waliyojifunzia. Wengi wetu tulijifunzia kii ya wima, ya kubonyeza na kuachia.

Lakini kabla ya aina, tazama uzito na madini. Kii yangu ya kwanza baada ya kurudi ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama kiberiti. Kila nikipiga kistari inateleza mezani, nami naikimbiza kwa mkono wa kushoto. Wiki mbili nzima nikadhani nimesahau Morse, kumbe kii haikutulia. Tafuta yenye kitako cha karibu kilo moja. Ukiagiza ng'ambo, uzito huo utaulipia kwenye usafiri, kwa hiyo waweza kununua kii peke yake, ukamwomba fundi wa vyuma akukatie kipande kinene cha chuma, ukaifunga juu yake kwa skrubu.

Halafu kuna chumvi ya bahari yetu. Shaba nyeupe hufanya ukungu wa kijani, ambao unafutika. Skrubu na springi za chuma cha kawaida huoza kabisa. Uliza kama ni za chuma kisichoshika kutu, na kama ncha zinazogusana ni za fedha. Ncha zikichafuka, pitisha ukanda wa karatasi safi katikati yake. Msasa usiuguse.

Ya kwanza: kii ya wima. Hapa kila nukta unaitengeneza mwenyewe, na kistari kina urefu wa nukta tatu. Kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika, nukta ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkono ukikosea, sikio lako linajua papo hapo. Ndiyo maana naiweka juu: inafundisha mkono na sikio kwa pamoja. Za mtindo wa Kimarekani huwa chini, mkono ukilala mezani. Za Kiingereza ziko juu, kifundo kikiwa hewani. Chagua uliyoizoea. Mwendo ukifika maneno 20 mkono utachoka, na hapo ndipo ya pili inapoingia.

Ya pili: padeli ya ndimi mbili. Kidole gumba kinaleta nukta, cha shahada kinaleta vistari, na saketi ndani ya redio inavipima vyote sawasawa. Mwenye maumivu ya kifundo aanze na hii, asijitese. Angalia plagi: padeli inahitaji ya nyaya tatu. Ukichomeka kii ya wima yenye plagi ya nyaya mbili bila kubadilisha mpangilio wa redio, itatoa vistari mfululizo bila kukoma. Redio haijaharibika.

Padeli za kugusa tu, zisizo na kitu kinachosogea, sizipendi kwa anayerudi. Kidole hakipati jibu, na kwa jasho letu la Machi huweza kujipigia zenyewe.

Ya mwisho: bagi. Horace Martin aliipatia hataza Marekani mwaka 1904, kuwaokoa wapigaji telegrafu walioumia mikono. Springi inatetemeka na kutoa nukta, vistari unapiga mwenyewe. Ni chombo kizuri mno, nami naitamani. Ila hata kile kizito chake cha kupunguza kasi kikisogezwa hadi mwisho, bagi nyingi hutoa nukta za kasi kuliko mwendo wa anayejifunza upya. Ngoja mwaka.

Tangu mkutano wa kimataifa wa redio wa 2003 ulipoachia kila nchi iamue kama itadai Morse kwa leseni, wengi hujifunza kwa mapenzi tu. Nasi hapa tuna sababu ya mapenzi hayo: mwaka 1942 Waingereza waliifanya shule ya Allidina Visram kuwa kituo cha kunasa na kufumbua ujumbe wa jeshi la majini la Japani. Watu walikaa na vipokezi masikioni mji huu huu, wakiandika kwa penseli walichosikia. Ukipata kii yako, nawe weka penseli mezani: kila jioni piga dakika kumi, kisha sikiliza ishirini.